Kasoro Namba 4117

Miaka miwili nililipwa kujigonga ukutani.
Kila ukuta wa Mlinzi wa Chumvi, sehemu ya pili,
nimeupima kwa bega la Iszka,
katika ofisi isiyo na madirisha
nyuma ya stesheni ya Wrocław,
nikiandika: hapa anazama hadi magotini,
hapa mbuzi anaelea,
hapa mvua inanyesha ndani ya kanisa.

Leo imetoka. Nimempelekea baba.

Zenon, dereva wa tramu kwa miaka thelathini na mmoja,
ameketi karibu na bomba la joto,
mkono wa kushoto umelala mapajani
kama kitu alichoachiwa na jirani amtunzie.
Ile ya kwanza aliimaliza mara tano,
enzi za mikono miwili.
Pedi anaishika kama wenzo wa tramu ya mtu mwingine.

"Theluji," anasema. Ananyamaza. "Theluji inakumbuka."
Kweli. Nyayo za Iszka hubaki nyuma yake,
zikijaa polepole, na ukirudi baadaye
utakuta mbweha amezipitia.
Hiyo ni kazi ya Radomir, miezi minane ya usiku wake.
Na kamba! Kamba sasa ina uzito;
ukining'inia shimoni unasikia nyuzi zikilalamika,
mmoja, mmoja,
na baba anabana pumzi, gorofa ya nne.

Kisha Iszka anafungua mdomo.

Katika ile ya kwanza hakusema neno.
Alishuka mgodini kumtafuta kaka yake
na taa na ukimya, basi.
Sasa anajisemesha: Mlango! Labda ufunguo uko karibu!
"Binti," baba anaiambia skrini, "mlango nimeuona."
Farasi anajua njia kuliko aliyempanda.
Ramani imeota vipele vya dhahabu:
manyoya mia mbili ya kuokota,
mwanakijiji aliyepoteza kuku yuleyule mara tatu.
Mgema alisifiwa, na methali tunaijua,
ila huyu hakutia maji. Alitia sukari,
kijiko juu ya kijiko, mpaka ulimi ukasahau tembo.

"Na kaka yake?" baba anauliza.
Ninajua. Yuko hai, ana jeshi,
ana hotuba ya dakika kumi na moja isiyorukika.
Sisemi.

Lakini ndani ya mipangilio, ukurasa wa sita,
chini ya rangi na maandishi makubwa,
kuna mstari niliougombania vikao vinne:
mkono mmoja.
Ninauwasha. Vitufe vyote vinahamia kulia
kama abiria tramu inapokata kona.
Baba anapanda ukuta. Anaanguka. Anapanda.
Anapigana na askari watatu kwa kidole gumba,
jasho puani, akitukana kwa Kipolandi cha gereji
ambacho mama alikipiga marufuku sebuleni.
Ile ya kwanza, iliyo bora, ingemwacha mlangoni.

Saa nne usiku, supu ya matango imepoa bakulini,
anafika kwenye kinu kilichobomoka.
Napajua hapo. Kasoro namba 4117.
Niliiripoti mara tatu, ikarudi na muhuri: haitarekebishwa.
Nataka kumwambia apite kushoto.
Anapita kulia.

Iszka anapenya jiwe kana kwamba si jiwe,
anaanguka chini ya dunia.
Hakuna muziki. Hakuna ramani. Hana la kusema.
Juu yake milima imekuwa maganda matupu,
mto unaning'inia bila kitanda,
na nyayo, zile nyayo zote za jioni nzima,
zinaonekana kwa chini, nyeupe,
zikija upande wetu.

Ninanyoosha mkono nizime, tuanze upya.
"Acha," anasema baba.
Anamtazama akizidi kuanguka.
"Hapa umepaandika wewe?"
"Niliandika pafutwe."
"Hm," anasema,
na pedi haishushi.